Mama anatozwa ada kwa kuletewa bili ya karatasi. Hii ni halali?

#1 Nyasubi (Rochester, New York)

Wakuu, salaam.

Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Marekani. Mama yangu anaishi peke yake kwenye nyumba za wazee hapa Rochester. Barua pepe hana na haitaki. Intaneti nilimwekea mimi, ili aangalie runinga na awaone wajukuu walioko Mwanza.

Juzi nimekaa naye nikamsomea bili mstari kwa mstari. Chini kabisa, baada ya kodi, kuna dola 3 zimeandikwa kuwa ni ada ya bili ya karatasi. Kila mwezi. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mama ajiunge na bili ya mtandaoni na ada itatoka. Nikamwambia hana barua pepe. Akajibu: "Mfungulieni."

Mtu analipia huduma, halafu analipia tena kuambiwa anadaiwa kiasi gani? Hii imekaaje kisheria?

#2 Tajiri wa Columbus

Mkuu, karatasi ni gharama. Kuna wino, bahasha, stempu na mtu wa kupeleka. Anayetaka kuletewa alipie, sisi tulioko mtandaoni tusimbebee. Dola 3 si kitu cha kufungulia uzi.

#3 Kanuni

Nyasubi, uko kwenye jimbo zuri kwa jambo hili. New York wana sheria ya biashara, General Business Law, kifungu cha 399-zzz. Kinakataza kampuni kumtoza mlaji ada ya ziada au bei tofauti kwa sababu amechagua kuletewa bili ya karatasi au kulipa kwa posta. Kimeandikwa waziwazi.

Kabla hujakimbilia popote, tazama bili vizuri. Imeandikwa *ada*, au imeandikwa *punguzo ambalo hukupata*? Kwenye sheria ile hayo ni mambo mawili mbalimbali.

#4 Mchagga wa Scarborough

Hapa Kanada walimaliza zamani. Mwisho wa 2014 Bunge lilipitisha marufuku, hakuna kampuni inayotoza bili ya karatasi. Marekani mna kila kitu isipokuwa huruma.

#5 Bi Rehema_Ottawa

Mchagga, umeikata hadithi katikati. Marufuku ya 2014 iliwekwa kwenye sheria ya mawasiliano na ile ya utangazaji. Inagusa simu, intaneti na runinga ya kulipia. Benki haimo. Mimi benki yangu inanikata kila mwezi kwa taarifa ya karatasi na hakuna wa kumlilia.

Halafu kuna tundu. Sheria ilisema usitoze kwa bili ya karatasi, lakini haikusema lazima uitoe. Kampuni zikasoma hivyohivyo ilivyoandikwa. Nyingine zikaacha karatasi kabisa, ukiomba unaambiwa hatuna. Watetezi wa walaji wakapeleka shauri CRTC, ambayo ndiyo mamlaka ya mawasiliano, na mwaka 2020 wakashindwa. Ilibidi wasubiri hadi 2022 ndipo CRTC ikaagiza karatasi itolewe bure kwa anayeomba, kama ni mwenye ulemavu, au hana intaneti nyumbani wala data kwenye simu, au ametimiza miaka 65.

Kwa hiyo tulimaliza, ila kwa awamu mbili, na katikati wazee wengi walikaa miaka bila kuona bili.

#6 Mchagga wa Scarborough

Bi Rehema nimekuelewa. Lakini na hizo awamu mbili bado tuko mbele yao.

#7 Kipanya Tabata

Mnalilia dola 3 wakati huku Dar karatasi wengine tumeisahau. Umeme ni LUKU, unanunua tokeni kwa simu. Maji, msoma mita anapita, bili inaingia kwa meseji ikiwa na kontroo namba. Hakuna anayeuliza karatasi na maisha yanaenda.

#8 Bibi Msomi

Kipanya mwanangu, maisha yanaenda kwako wewe mwenye macho.

Mimi nina mtoto wa jicho, nasubiri upasuaji. Meseji ya maji ikiingia, herufi zinacheza. Naita mtoto wa jirani anisomee. Mtoto wa jirani sasa anajua nadaiwa nini, nimelipa nini, salio langu ni kiasi gani. Zamani karatasi ilikuwa inakuja, naipeleka dirishani kwenye mwanga, natoa lenzi yangu nasoma taratibu. Nikiona uniti zimeruka, naiweka pembeni hadi msoma mita arudi, namwonyesha kwa kidole: hapa na hapa. Meseji utamwonyeshaje mtu wakati simu imezima chaji?

#9 Kipanya Tabata

Shikamoo bibi. Hapo sina la kusema. Pole na macho, upasuaji uende salama.

#10 Bibi Msomi

Marahaba, amina.

#11 Mwanaharakati_Minneapolis

Nyasubi usisumbuke, serikali ya Biden ilishafuta hizi ada zote za kuchomekachomeka. FTC, tume ya biashara ya taifa, walitoa kanuni.

#12 Kanuni

Hapana. Kanuni ya FTC ilianza kutumika Mei 2025, ila mwishowe ilibaki na vitu viwili tu: tiketi za matamasha na michezo, na malazi ya muda mfupi kama hoteli. Intaneti haimo, benki haimo.

Kinachogusa intaneti ni lebo za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ambazo kampuni kubwa zilianza kulazimika kuzionyesha Aprili 2024. Lebo inataja bei ya mwezi na ada zake. Inakusaidia kuona ada, haikukingi nayo.

Ngazi ya taifa kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Sheria ya saini za kielektroniki ya mwaka 2000, inaitwa E-SIGN, inasema pale ambapo sheria inadai upewe taarifa kwa maandishi, kampuni haiwezi kukuhamishia kwenye elektroniki bila ridhaa yako. Kabla hujaridhia wakuambie kwamba una haki ya karatasi, namna ya kuiondoa ridhaa baadaye, na *kama kuna ada ya karatasi*. Soma hapo penye ada. Sheria yenyewe imeitaja kama jambo la kutangazwa, haikuikataza. Katazo linategemea jimbo, ndiyo maana mtu wa Columbus na mtu wa Rochester hawako sawa.

#13 Tajiri wa Columbus

Basi huku Ohio niko sahihi.

#14 Kanuni

Niliyoyasema ni kuhusu sheria, mkuu. Kama ni haki, hilo tunaendelea nalo.

#15 Dada Neema (Dallas)

Tajiri, nisikilize na mimi.

Dada yangu mkubwa alikubali taarifa za benki zije kwa barua pepe, ili tu aepuke ada. Barua pepe yenyewe ilikuwa ya kazini. Kazi ikaisha, anwani ikafungwa. Benki iliendelea kutuma huko na kwao ilihesabika kwamba imetuma.

Kumbe kuna kampuni asiyoijua ilikuwa inamkata. Kiasi kidogo, mwezi kwa mwezi. Alikuja kugundua siku salio halikutosha kodi ya nyumba. Alipolalamika akaambiwa kuna siku 60. Ukishatumiwa taarifa yenye kato usilolitambua, unatakiwa uiambie benki ndani ya siku 60. Zikipita, yanayoendelea kukatwa baada ya hapo yanaweza kuwa hasara yako. Alirudishiwa za mwanzo, nyingine zikaenda.

Karatasi ingefika mlangoni. Hata kama haifungui siku hiyo, angeiona juu ya meza na jina la benki limeandikwa. Barua pepe inakaa chini ya matangazo mia. Hiyo dola 3 mnayoiita si kitu ndiyo iliyomsukuma kule.

#16 Tajiri wa Columbus

Pole kwa dada. Lakini kosa hapo ni kutobadilisha anwani. Hata karatasi, ukihama bila kuwaambia inaenda nyumba ya zamani.

#17 Dada Neema (Dallas)

Ukihama, posta ina fomu ya kuhamisha barua, zinakufuata. Barua pepe ya kazini ikifungwa, inakufuata na nini?

#18 Ngosha wa Köln

Salaam kutoka Ujerumani. Huku iliamuliwa mahakamani. Oktoba 2014 mahakama kuu ya shirikisho, BGH, ilimkatalia mtoa huduma za simu aliyekuwa anatoza euro 1.50 kwa kila bili ya karatasi. Hoja yao iligusa swali la Nyasubi palepale: kutoa bili ni wajibu wa kampuni na ni kwa faida ya kampuni yenyewe, kwa hiyo haiwezi kumgeuzia mteja kama huduma ya ziada. Waliacha mlango kwa kampuni inayouza bidhaa zake kwa mtandao pekee, maana mteja wake alijua tangu mwanzo.

Mimi nakubaliana nao. Bili ni kazi ya anayedai. Dukani kwa Mangi, daftari la madeni halilipiwi na mkopaji.

#19 Mzee wa Bahasha

Nimefanya kazi kwenye kampuni ya kuchapa na kutuma bili, huku Marekani, miaka mingi. Nitawapa ninayoyajua.

Kampuni kubwa haibandiki stempu unayonunua wewe. Stempu ya barua ya kawaida ilipanda hadi senti 78 Julai 2025. Anayepeleka barua kwa wingi, zikiwa zimepangwa kwa namba za posta, analipa chini ya hapo. Karatasi, wino na bahasha kwa kiwango kile ni senti kidogo. Mashine inakunja, inaingiza na kufunga bila mkono wa mtu. Kwa hesabu za pale nilipokuwa, dola 3 kwa bili moja zinafunika gharama na kubakiza.

Sasa kwa nini watoze? Wengi wanadhani wanataka hiyo dola. Mimi nadhani wanataka uhame. Mteja wa mtandaoni mara nyingi anawekwa kwenye kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti yake. Huyo hachelewi, hapigi simu kuuliza, na bei ikipanda kidogo hagutuki. Anayesoma karatasi ndiye anayepiga simu.

#20 Tajiri wa Columbus

Mzee nakuheshimu, ila umesahau bili inayorudi kwa anwani mbovu na hundi zinazotumwa kwa posta ambazo lazima mtu azishughulikie. Karatasi moja inazaa karatasi nyingine. Dola 3 si lazima iwe faida.

#21 Mzee wa Bahasha

Hundi zinashughulikiwa na idara nyingine, sikuwa huko. Huenda una hoja.

#22 Fatma_Aarhus

Huku Denmaki hata hilo swali limepitwa. PostNord waliacha kusambaza barua mwisho wa 2025, baada ya posta ya nchi hii kufanya kazi hiyo miaka 400. Masanduku yao mekundu 1,500 yamekuwa yakiondolewa mitaani. Kuna kampuni binafsi inapeleka barua, kwa bei yake. Taarifa za serikali unapata kwa sanduku la kidijitali, na asiyeweza anaomba kuondolewa huko. Jirani yangu mzee ameondolewa, lakini kila kitu kwake kinachelewa.

Nasema hivi ili mjue hata mkifuta ada, posta yenyewe inaweza kuondoka.

#23 Kipanya Tabata

Eti masanduku mekundu yameondoka. Huku sanduku la posta unalipia kwa mwaka na bado unalifuata mwenyewe mjini. Mimi S.L.P. ya ofisi ya baba niliacha kuifungua tangu nimalize shule.

#24 Wambui_Thika

Kipanya, hata Kenya ni hivyo. Bili ya stima inaangaliwa kwa *977# ama inakuja kwa meseji. Sina shida nayo. Shida yangu ni benki.

Niliombwa taarifa ya akaunti ya miezi sita kwa ajili ya viza. Ile ya PDF niliyoitoa kwa apu ikakataliwa, wakataka iliyopigwa muhuri. Nikaenda tawini, wanatoza kwa ukurasa. Na sisi wenye biashara ndogo, kila anayekutumia mia mbili ni mstari wake. Kurasa zikawa rundo. Hela ni yangu, shughuli ni zangu, nalipia kusoma maisha yangu mwenyewe!

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na huduma. Ningependa wakili mmoja aipeleke hiyo mahakamani kwa habari ya taarifa za benki.

#25 Ngosha wa Köln

Wambui, ya muhuri naiona ni huduma tofauti na bili. Umeomba nakala rasmi ya kupeleka kwa mtu mwingine.

#26 Wambui_Thika

Sikuomba kwa starehe. Ubalozi unakataa PDF, benki inajua ubalozi unakataa, basi inatoza. Katikati niko mimi.

#27 Mwalimu Tanga

Nami nimebanwa na ada hiyo hiyo ya taarifa ya benki huku Tanzania. Kwa wa nyumbani: anza kulalamika kwa maandishi kwenye benki yenyewe, ukikwama unapeleka BoT, yaani Benki Kuu. Kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Watu hawalalamiki, ndiyo maana ada zinastawi.

Ila nataka kumtetea Kipanya kidogo. Meseji ya LUKU ukiisoma ina mchanganuo wote: VAT, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo. Unaona kila shilingi ilikokwenda. Karatasi isiyo na mchanganuo haikusaidii kitu. Na zile risiti za EFD, mashine za kodi za dukani, wino wake unafifia. Ninayo ya friji, ya mwaka juzi, imebaki nyeupe tupu. Nilipotaka kudai garantii muuzaji aliigeuza pande zote mbili, akanirudishia.

#28 Bibi Msomi

Mwalimu, piga nakala ya risiti siku hiyo hiyo unayonunua. Mimi za mashine zote napigisha nakala, nazitia kwenye bahasha ya kaki.

#29 Kijani Kibichi

Naona hakuna aliyegusa mazingira. Bilioni za karatasi zinakata miti. Ada inawafanya watu wafikiri kabla ya kuomba karatasi.

#30 Mzee wa Bahasha

Bahasha hiyohiyo ya bili ndani ilikuwa na vipeperushi vitatu vya matangazo. Mteja akihama kwenye bili ya karatasi, matangazo yanaendelea kumfikia kwa posta. Nimeyachapa mwenyewe.

#31 Kijani Kibichi

Basi wakataze vyote viwili.

#32 Nyasubi (Rochester, New York)

Asanteni sana wote. Kanuni, nimefanya ulivyosema. Bili ninayo mkononi.

Kuna vitu viwili. Chini kuna ile ada ya karatasi, dola 3, na imeandikwa ni ada. Juu, kwenye bei ya kifurushi, kuna bei ya kawaida, halafu maelezo kwamba mteja wa bili ya mtandaoni anayekatwa moja kwa moja anapunguziwa dola 10. Mama hapunguziwi. Kwa hiyo karatasi inamgharimu dola 13, ila 10 hazionekani kama ada.

#33 Kanuni

Hapo ndipo penye mgogoro wote.

Dola 3: kwa maandishi ya 399-zzz sioni wanavyoitetea. Idai irudishwe, ya mwezi huu na ya nyuma.

Dola 10: kifungu hichohicho kinasema hakizuii kampuni kutoa punguzo au kivutio kwa anayechagua namna fulani ya kulipa au kupokea bili. Kwa hiyo watasema hawajamtoza mama chochote, wamewapunguzia wengine. Mvutano kama huu ulifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2017, kesi ya Expressions Hair Design, iliyohusu sheria ya New York ya wakati huo, iliyokataza kuongeza bei kwa anayelipa kwa kadi ya mkopo huku ikiruhusu punguzo kwa anayelipa taslimu. Mahakama ikasema sheria ya namna ile inagusa jinsi mfanyabiashara anavyoitangaza bei yake, ikairudisha chini ichunguzwe kwa misingi ya uhuru wa kujieleza. Haikuhusu bili za karatasi, lakini inaonyesha ugumu ulivyo.

#34 Dada Neema (Dallas)

Mama anatoa dola 10 zaidi ya jirani yake kwa intaneti ileile. Uite unavyoita, zimetoka kwenye pochi ya mama.

#35 Tajiri wa Columbus

Neema, duka likimpunguzia anayenunua jumla, wewe wa rejareja umeonewa?

#36 Dada Neema (Dallas)

Wa rejareja anaweza kujipanga anunue jumla. Mama wa Nyasubi atajipangaje kuwa na barua pepe asiyoiweza?

#37 Ngosha wa Köln

Mimi naona suluhu ni ile ya kwa Bi Rehema: wazee, wenye ulemavu na wasio na mtandao wapewe bei ya chini bila sharti. Lakini hata hiyo ya Kanada ni kwa karatasi yenyewe, haigusi mapunguzo. Au nakosea, Bi Rehema?

#38 Bi Rehema_Ottawa

Hukosei. Na neno ni "kwa anayeomba". Mzee asiyejua kwamba anaweza kuomba hapati.

#39 Salum_Leicester

Nachomekea ya Uingereza. Kampuni za simu huku zinatoza karatasi na inaruhusiwa. Ila Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, inawalazimisha kumpa mwenye ulemavu wa kuona bili ya maandishi makubwa au ya nukta nundu, bure. Mjomba alilipia bili ndogondogo za kawaida muda mrefu bila kuzisoma vizuri, hadi mhudumu wa kliniki ya macho alipomwambia aombe. Nyasubi, kama mama ana shida ya macho, uliza kama kampuni yake ina utaratibu kama huo.

#40 Nyasubi (Rochester, New York)

Macho yake mazuri, anasoma Biblia bila miwani. Hataki tu deni lake liwe ndani ya simu.

Naandika kwa kampuni kudai zile dola 3. Wakikataa napeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kanuni, niambatishe nini?

#41 Kanuni

Bili zote ulizonazo, na zungushia ule mstari wa ada kwa kalamu. Andika tarehe uliyopiga simu na ulichojibiwa. Barua ya kampuni itume kwa posta yenye uthibitisho wa kupokelewa. Za dola 10 ziandike kwenye aya yake, usizichanganye na zile 3, wasije wakajibu moja wakanyamazia nyingine.

#42 Mzee wa Bahasha

Na bili za zamani zikiwa zimepotea, kampuni inazo. Waombe nakala. Ila uliza kwanza kama wanatoza kwa nakala.

#43 Nyasubi (Rochester, New York)

Mama anazo zote, tangu mwezi wa kwanza. Kesho baada ya ibada napita kuzichukua.